Uzio wa Chemchemi ya Pukyupata

Pukyupata, 11 Juni 2003

Komadre wangu Nélida,

Nakusalimu kwa mikono inayonuka klorini. Tangu siku ile ulipomkata binti yangu Luzmila nywele zake za kwanza ukawa komadre wangu, mama yake wa pili, sijakuomba kitu. Leo naomba, tena kwa sauti kubwa.

Matumbo ya Pukyupata yameharibika. Ilianza kwa watoto wa shule, ikawafuata mama zao, na sasa ukipita njiani asubuhi unakuta watu wazima wanakimbilia nyuma ya nyumba bila hata kusalimu. Luzmila naye anahara, ingawa bado ana nguvu za kunisema ninapomnyima peremende.

Unajua kuwa mimi ndiye mlinzi wa maji, mwanamke wa kwanza hapa kukabidhiwa ufunguo wa tangi. Watu walipoanza kuumwa nikasema, basi dawa imepungua, nikaongeza klorini. Wakazidi kuumwa, nami nikazidisha. Sasa maji yananuka mpaka kuku wananitazama kwa lawama, na kuhara kuko palepale. Tayta Evaristo, mzee wa mifereji, anazunguka na fimbo yake ya cheo akisema Primitiva anatupa sumu. Anadai hata mahindi yake aliyoloweka ya kutengenezea pombe ya chicha yamegoma kuota. Hapo ndipo hasira yake ilipo. Matumbo ya watu hayamsumbui, kinachomsumbua ni mtungi.

Siku ya kusafisha mifereji, mwezi wa tisa, kijiji kitapiga kura. Evaristo anataka pipa la klorini litupwe bondeni na ufunguo nirudishe. Komadre, wewe unakumbuka ilivyokuwa kabla ya klorini. Ulimwona mwanangu Wilber amelala hospitalini kwenu Huamanga kwa homa ya matumbo, amebaki mifupa na macho. Klorini ikitupwa, yale yote yatarudi, na mimi nitakuwa nimekaa kando bila ufunguo nikitazama. Wewe unafanya kazi maabara. Hakuna dawa kali zaidi ya hii?

Ng'ombe uliyempa Luzmila siku ya nywele amezaa mwezi uliopita, ndama jike mwenye doa jeupe puani. Huyo mama mtu tumempa jina lako. Kijiji kizima kinamwita Nélida.

Anayekupenda,
Primitiva Ccorahua


Huamanga, 17 Juni 2003

Komadre Primitiva,

Umempa ng'ombe jina langu? Nilikosa akili nikaisoma barua yako mbele ya wenzangu, na sasa kila asubuhi nikiingia maabara kuna mtu analia kama ng'ombe nyuma ya kabati.

Sasa nisikilize. Acha kuongeza klorini leo hii, usingoje kesho. Rudi kwenye kipimo ulichofundishwa. Kama tatizo lingekuwa lile la Wilber, klorini ingekwisha kulimaliza. Nahisi ni wadudu wa aina nyingine, lakini mimi sipigi ramli. Nataka kuona. Niletee choo cha watoto watatu wanaohara, kila kimoja katika chombo chake, kisafi, chenye kifuniko. Mpe Teódulo wa lori la Jumanne, na umwambie akiweke mbali na jua.

Wakati huohuo, maji yote ya kunywa yachemshwe. Luzmila mpe kwa kijiko maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, kidogo kidogo kutwa nzima, hata akikutukana.

Siku ya mfereji mwaka huu nitajaribu kuja. Unajua zamu zetu zilivyo.

Komadre wako mwenye miguu miwili,
Nélida Palomino


Pukyupata, 25 Juni 2003

Komadre wa miguu miwili,

Mizigo imekwisha kuondoka. Naomba radhi kwa vyombo, sikuwa na vingine, nikatumia vile vya siagi. Nilivifunga vizuri kwa kitambaa na kamba. Ubaya ni kwamba nilimwambia Teódulo "tunza sana, ni zawadi ya komadre wangu", kwa sababu niliona haya kusema ukweli mbele ya abiria. Akanusa kitambaa, akatabasamu, akauliza kama ni jibini. Kama kuna chombo kimefunguliwa njiani, usiulize.

Luzmila anaendelea vizuri na sukari yako. Sasa anajifanya mgonjwa ili apewe kijiko.

Lakini kuna jambo linaniudhi. Katika kijiji chote, mtu mmoja hajaumwa hata siku moja, naye ni Evaristo! Anasimama mlangoni mwangu, anajipiga tumbo kama ngoma, anasema, "Mwanangu Primitiva, miaka sabini na mitatu sijanywa maji. Maji ni ya vyura. Mimi chicha yangu, na chai yangu ya majani ya muña jioni. Tupa pipa lako, uwape watu chicha." Na watu wanacheka, wanaanza kumwamini. Nifanyeje na mzee huyu, nimtie kwenye tangi?

Primitiva


Huamanga, 3 Julai 2003

Komadre,

Chombo kimoja kilifunguliwa. Teódulo amenitaka nikwambie kwamba hatabeba tena jibini ya Pukyupata maisha yake yote.

Nimewaona! Nilipaka rangi, nikaweka chini ya darubini, na hao hapo, viduara vyekundu kwenye uwanja wa buluu, vidogo sana, vimetapakaa kama punje za kinua zilizomwagika mezani. Nilipiga kelele mpaka mkuu wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Ni vibaya kufurahi kwa ugonjwa wa watu, najua, lakini adui aliyeonekana ni nusu ya ushindi.

Hawa ni vimelea wa utumbo, na wana ganda. Wale wa homa ya matumbo wako uchi, klorini ikiwagusa wanakufa. Hawa hupita katika klorini kama mtu anavyopita mvuani na koti la mpira. Ungemimina pipa zima, watu wangeungua koo, nao wangeendelea na safari yao mpaka tumboni. Kwa hiyo hukukosea kuweka klorini. Ulikosea kudhani kwamba inaua kila kitu.

Kinachowashinda ni moto. Kwenu huko juu maji huchemka mapema, kwa hiyo usiepue yanapoanza tu kutokota. Acha yatokote kwa muda wa Salamu Maria kumi, bila kuzikimbiza. Pia huchujwa na mchanga mwembamba, tangi zima la mchanga ambalo maji hupita polepole. Yakishapita humo ndipo unayatia klorini. Hapa hospitalini tuna taa yenye mwanga unaowaharibu hata wasizaane tena, lakini taa inataka umeme usiokatika, na umeme wenu naujua.

Evaristo hana uchawi wowote. Chicha huchemshwa, chai ya muña huchemshwa. Mzee amekuwa akinywa maji yaliyochemshwa miaka sabini na mitatu bila kujua. Usimwambie, atavimba kichwa.

Sasa swali langu, nijibu vizuri. Vimelea hawa wanapenda sana ndama wachanga. Ndama mmoja anayehara anaweza kuchafua chemchemi nzima. Je, kuna mnyama yeyote juu ya chemchemi?

Nélida


Pukyupata, 12 Julai 2003

Komadre,

Uzio wa chemchemi ni imara. Niliutengeneza mwenyewe baada ya Pasaka, jiwe juu ya jiwe, na lango nimelifunga kwa waya. Hakuna mnyama anayeweza kuingia.

Salamu Maria zako zimefanya kazi. Ukipita alasiri unasikia sala jikoni kwa Zósima, jikoni kwa akina Huayhua, jikoni kwa yule mwalimu asiyekwenda hata misa. Padre akija mwezi ujao atadhani tumeongoka. Wanaochemsha wanapona. Lakini kuni ni shida, Nélida. Huu ni msimu wa baridi kali, kila kitu kimekauka, barafu ya alfajiri imeunguza nyasi mlima mzima. Wengine wanachemsha leo, kesho wanakunywa bombani, na tumbo linarudi.

Nimewaeleza habari ya ganda. Evaristo akasema mbele ya wote, "Kumbe klorini haiwaui! Sasa ya nini?" Wakampigia makofi. Ukweli wako umegeuka rungu mkononi mwake. Mimi usiku silali, nahesabu kura.

Usiniulize tena habari za uzio. Uko imara.

Primitiva


Pukyupata, 2 Agosti 2003

Kwa Bibi Nélida Palomino, binti wa marehemu Sabina,

Mimi Evaristo Huayhua, mzee wa mifereji, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Usishangae, nilisoma mpaka darasa la tatu.

Nakualika kwenye sikukuu yetu ya kusafisha mifereji. Hii ni mara ya nne kukualika, na mara tatu umetuletea udhuru. Mama yako alichimba mfereji akiwa na mimba yako ya miezi minane, akaimba kuliko wote. Wewe unasema zamu. Maji hayana zamu, binti.

Nasikia unaandikiana na Primitiva mambo ya wadudu wenye koti. Mimi sina ugomvi na wewe. Primitiva pia ni mwanamke hodari, nampenda kama binti yangu, ila pua yangu haiwezi tena ile klorini.

Njoo angalau umwone ng'ombe wako. Nélida ni fahari ya kijiji! Wakati ng'ombe wetu wote wamebaki mbavu, yeye amenona kama askofu, na ndama wake anarukaruka. Nyasi za pale chemchemini ndizo pekee zilizobaki kijani mwaka huu, na ndani ya ule uzio mbweha hapiti, mwizi hapiti. Primitiva ana akili. Na hakosi wenzake wa kula nao.

Chicha itakuwepo. Mahindi yameota.

Evaristo Huayhua


Huamanga, 8 Agosti 2003

Primitiva!

Hakuna mnyama anayeweza kuingia, eh? Hawezi kuingia kwa sababu amekwisha kuwa ndani!

Nimeipata barua ya Evaristo. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena, na sasa sijui niko wapi. Mwezi mzima najiuliza vimelea wa darubini yangu wametoka wapi, na kumbe ni mimi niliyewatuma, wakiwa ndani ya tumbo la zawadi yangu, na wanaishi juu ya maji yenu kwa jina langu!

Ndama alihara alipozaliwa? Najua jibu. Alihara, nawe ukanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe, komadre, umeumbuliwa na Evaristo aliyekuwa anakusifu tu.

Mtoe leo. Ndama pia. Na uniambie kwa nini, maana wewe si mjinga wala si mchoyo.

Nélida


Pukyupata, 14 Agosti 2003

Komadre,

Nimewatoa. Wako nyuma ya jiko langu, wanakula godoro la majani la Wilber.

Ningekwambiaje? Ng'ombe wa nywele za kwanza si ng'ombe wa kawaida. Akifa, watu watasema bahati ya mtoto imekufa naye, na aliyempa atajua kwamba hatukuithamini zawadi yake. Majani yaliisha mwezi wa tano. Nikamtazama Luzmila akimkumbatia ndama shingoni, nikatazama zile nyasi za chemchemini. Uzio niliujenga ili kulinda maji, na kwa kweli ndio mahali salama kuliko pote kijijini, basi nikaweka humo kitu nilichotaka kiwe salama kuliko vyote. Ulipouliza habari za ndama, nilielewa papo hapo. Niliona haya, na niliogopa utadhani nimeidharau zawadi yako.

Sasa Evaristo atajua kilichowaharisha watu. Kura imekwisha. Mlinzi wa maji aliyefuga ng'ombe juu ya maji! Nitawapa ufunguo kabla hawajauomba. Ila klorini, Nélida. Itakwenda bondeni pamoja nami, na watoto watarudi kulala huko kwenu.

Primitiva


Huamanga, 21 Agosti 2003

Komadre,

Ufunguo usimpe mtu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyofungwa. Mpe mwalimu aisome siku ya mfereji, mbele ya wote, kabla ya kura. Wewe usiifungue. Safari hii nitunzie vizuri kuliko jibini.

N.


Kwa wanakijiji wote wa Pukyupata, waliosimama na majembe yao na walioketi karibu na mtungi

Mimi Nélida Palomino, binti wa Sabina, nakiri kwamba nimewaharisha.

Nilimpa Luzmila ng'ombe mwenye mimba, nikapanda lori nikarudi mjini. Sikuuliza atakula nini msimu wa baridi. Ni nani huyo anayetoa matumbo mawili ya kulishwa bila kutoa hata shada moja la shayiri? Komadre wangu alimweka ng'ombe huyo penye nyasi ili zawadi yangu isife. Kwa hiyo faini ya mnyama aliyekutwa ndani ya uzio wa chemchemi mnitoze mimi. Hata jina lake ni langu, hamtapata shida kuandika.

Sasa kuhusu klorini. Mnauliza ya nini, kama haiwaui wenye ganda. Nami nawauliza, mbwa wenu hawezi kumzuia panya. Je, mtamfukuza ili mwizi aingie? Kila mmoja ana adui yake. Klorini iwamalize wale wa homa ya matumbo. Mchanga uwachuje wenye ganda, na mpaka mchanga uwe tayari, moto na Salamu Maria kumi. Wanyama wabaki nje. Mkiacha kimoja tu, maji yatatafuta tundu hilohilo.

Na Tayta Evaristo yuko sahihi kuhusu chicha. Imemlinda kwa sababu imechemshwa. Naomba asivimbe kichwa.


Pukyupata, 9 Septemba 2003

Komadre wangu, dada yangu, ng'ombe wangu,

Keti kwanza.

Mfereji tuliumaliza saa sita, tukiimba, matope mpaka magotini. Watu wakaketi na mitungi, mwalimu akasimama na karatasi yako. Aliposoma "nimewaharisha", Zósima alitokwa na chicha puani. Nilikuwa nimeinama, nimeushika ufunguo mpaka umenikata kiganjani. Sikujua ulichoandika. Alipofika pale pa faini nilishindwa kuvumilia, nikasimama nikasema, "Hapana. Nélida alitoa ng'ombe, lakini lango nililifungua mimi, na waya niliufunga mimi, na alipouliza nilimjibu kwa ujanja." Nikauweka ufunguo mapajani mwa Evaristo, juu ya poncho yake, lile vazi la sufu.

Kisha Evaristo akauangalia ufunguo kana kwamba una miiba. Akakuna shingo. Akasema, "Na wangu wawili."

Mwalimu akauliza, "Wawili nini, Tayta?"

"Ndama. Niliwapitisha juu ya ukuta, Primitiva akiwa kwenye tangi. Ni wadogo, wanabebeka."

Zósima akainua mkono, akasema yeye mmoja tu, tena siku za Jumapili. Akina Huayhua wengine wakainua mikono. Mwalimu, Nélida, yule mwalimu mwenyewe mwenye karatasi mkononi, akainua mkono! Ana mbuzi. Mikono ilipanda mpaka karibu nusu ya kijiji ikawa inaonyesha mbingu, na mimi nasimama pale nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikishangaa samadi ilivyo nyingi. Nilidhani mwenye jina lako ndiye mlafi.

Ndipo kicheko kikaanza. Sijawahi kusikia kijiji kikicheka vile. Walicheka wakaegemeana, na mimi nililia huku nacheka, Luzmila akinifuta uso kwa mikono ya matope. Evaristo akanirudishia ufunguo, akasema kwa sauti ya cheo, "Mtu mmoja aliyekiri kabla yetu sote, huyo ndiye mlinzi." Kura haikuhesabiwa, hapakuwa na mkono uliobaki chini. Klorini inabaki, kwa kipimo chako. Tangi la mchanga tutajenga mwezi ujao, kila nyumba italeta magunia yake kutoka mtoni. Na Nélida wa miguu minne atalishwa kwa zamu, kila nyumba shada moja la majani, mpaka mvua inyeshe.

Evaristo amevimba kichwa. Anasema wewe mwenyewe umeandika kwamba yuko sahihi, na ameomba ile karatasi aitundike ukutani.

Faini yako pia imepitishwa. Niliipinga, nikashindwa. Kwa kumtoa ng'ombe bila majani, na kwa mifereji minne ambayo hukuja, utabeba mchanga siku ya kujenga. Evaristo amesema faini hii haipokelewi kwa mkono wa Teódulo wala kwa bahasha. Inapokelewa kwa mgongo wako mwenyewe.

Primitiva Ccorahua, mlinzi wa maji


Huamanga, 30 Septemba 2003

Komadre,

Zamu haikunizuia kuja kwenye mfereji miaka yote hiyo. Nilikuwa naogopa kukuta nyumba ya mama imefungwa na hakuna mtu wa kunifungulia. Sasa nimetozwa faini na kijiji kizima, na sijawahi kupata barua tamu kama hiyo.

Likizo nimepewa. Nakuja na lori la Jumanne, Teódulo amekubali kunibeba kwa sharti la kwamba sina jibini. Nina darubini kuukuu ya kumwonyesha Tayta Evaristo hao wenye koti, na mashada mawili ya shayiri kwa ajili ya jina langu.

Ukisikia honi pale kwenye kona, weka sufuria jikoni. Na usiepue kabla ya Salamu Maria kumi, hata kama mimi nitakuwa nimefika mlangoni na wewe uko kwenye ya tano.

Nélida